Saketi ya kumaliza chaji ya betri ya drili: taa moja, rilei moja na TL431

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi wa madirisha ya alumini hapa Morogoro. Nina drili ya mtumba ya volti 12 yenye betri mbili, zimeandikwa Ni-Cd 1.3Ah. Siku hizi zikitoka kwenye chaja zinatoboa matundu machache tu, nguvu inakwisha. Jirani yangu ananiambia betri "imeweka kumbukumbu", niifungie taa ya gari usiku kucha iishe kabisa ndipo niichaji upya. Nimefanya hivyo kwa betri moja, asubuhi ikawa mbaya kuliko jana yake. Naomba unielekeze saketi rahisi ya kumaliza chaji, isiwe na vitu vya kuagiza nje. Je, naweza kuitumia pia kwa betri za laptopu nilizozifungua?

Jibu: Nzuri, fundi, pole na kazi. Jirani yako amepatia nusu. Taa ya gari ni kifaa kizuri cha kumaliza chaji, na hata mimi ndiyo nitakayokushauri uitumie. Kilichoharibu ni "usiku kucha". Kumaliza chaji hakuhitaji ufundi wowote, waya na balbu vinatosha. Ufundi uko kwenye kukata mahali panapostahili, tena ikate yenyewe bila wewe kukesha ukitazama mita.

Tuanze na kilichoipata ile betri ya kwanza, maana saketi yote inajengwa juu ya hilo. Ndani ya pakiti ya volti 12 ya Ni-Cd (nikeli-kadimi) mna seli kumi zilizofungwa mfululizo, kila moja volti 1.2. Zilipotoka kiwandani zilikaribiana sana. Baada ya miaka ya kuchajiwa, kupigwa jua na kuanguka toka juu ya ngazi, kila moja imebaki na uwezo wake: hii bado inabeba karibu chaji yote, ile inabeba nusu. Mkondo unaopita ni uleule kwa zote kumi, kwa hiyo iliyo dhaifu inaishiwa kwanza. Zile tisa bado zina nguvu na taa bado inawaka, nazo zinailazimisha ya kumi ipitishe mkondo ambao yenyewe haina tena. Volti yake inashuka hadi sifuri, kisha inapinduka: chanya inakuwa hasi. Gesi ya hidrojeni inajaa ndani, presha inapanda, kivalvu kinafunguka na maji ya betri yanatoka. Ukifungua ile pakiti, ninatarajia utakuta unga mweupe kichwani mwa seli moja au mbili. Hizo ndizo zilizopinduliwa. Usiuguse kwa mkono mtupu. Maji ya Ni-Cd ni hidroksidi ya potasiamu, nayo inababua ngozi na ni mbaya zaidi machoni.

Kwa hiyo kanuni ya Ni-Cd ni hii: ukiwa unatoa chaji kwenye pakiti nzima, simama volti zikifika 1.0 kwa kila seli, taa ikiwa bado inavuta mkondo. Kwa seli kumi ni volti 10. Chini ya hapo chaji iliyobaki ni kidogo sana, haina faida ya kuifuata, na hatari inaongezeka haraka.

Kuhusu hiyo kumbukumbu, yaani betri kuzoea kutumiwa kiasi fulani na kulegea ikifika hapo, jambo lenyewe lipo, ila si kama linavyosimuliwa vijiweni. Lilijulikana kwenye satelaiti, ambako betri za Ni-Cd zilitumika kiasi kilekile na kuchajiwa kiasi kilekile, mzunguko baada ya mzunguko, bila kuzidi wala kupungua. Drili ya fundi haina ratiba kama hiyo. Leo unatoboa fremu tatu, kesho ishirini. Kinachoiumiza betri yako zaidi ni kuachwa kwenye chaja. Chaja nyingi za drili za bei nafuu ndani ni transfoma, dayodi na rezista tu, hazijui betri imejaa. Ukiiacha humo toka jioni hadi asubuhi, fuwele za kadimi ndani ya seli zinakua na kuwa kubwa, eneo la kufanyia kazi linapungua, na volti zinashuka mapema wakati chaji bado ipo. Mkononi unasikia drili imelegea.

Hapo ndipo kumaliza chaji kunasaidia. Ukiishusha hadi volti 1.0 kwa seli, kisha ukaichaji polepole, fuwele kubwa zinavunjika na nguvu hurudi kwa kiasi fulani. Unafanya hivyo mara mbili au tatu mfululizo, halafu unaiacha ifanye kazi yake kwa miezi. Wanaomaliza chaji kila siku kabla ya kuchaji wanakula maisha ya betri bure, kwa sababu kila safari ya kwenda chini na kurudi juu inahesabiwa.

Sasa saketi. Kiini chake ni kitu kinaitwa TL431. Kina miguu mitatu, kwa umbo ni kama transista ndogo, na huna haja ya kukinunua: fungua pawasaplai ya kompyuta iliyokufa, chaja ya laptopu au ya televisheni, utakikuta jirani na ile ic ya miguu minne yenye mwanga ndani. Kinaweza kuandikwa TL431, KA431, AZ431 au 431 peke yake. Kazi yake ni kulinganisha. Mguu wa rejea ukipata zaidi ya volti 2.5, kinafunguka na kupitisha mkondo kutoka kathodi kwenda anodi. Ukipata chini ya hapo, kinafunga. Kwa kawaida, ukikitazama upande bapa miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni rejea, anodi, kathodi. Vya kuokota havina cheti, kwa hiyo kipime kwanza: chukua volti 5 za chaja ya simu, unganisha rejea na kathodi pamoja, zifikishe kwenye chanya kupitia rezista ya kilo-ohmu 1, anodi iende hasi. Pima kati ya kathodi na anodi. Ukisoma karibu 2.5, kizima na miguu umeijua.

Vingine ni rilei ya volti 12 (swichi inayovutwa na sumaku ya koili), ile ndogo ya buluu au nyeusi yenye kontakti za ampea 10 na koili ya takriban ohmu 400, dayodi moja 1N4007, rezista za kilo-ohmu 27 na 10, rezista ya kurekebisha ya kilo-ohmu 5, ile inayozungushwa kwa bisibisi ndogo, fyuzi ya gari ya ampea 5 na kikalio chake, swichi ya kengele ya mlangoni, na taa. Swichi ya kengele nimeichagua kwa makusudi. Ile midogo ya kubonyeza ya kwenye redio itaungua, kwa sababu taa ikiwa baridi huvuta mkondo mkubwa kwa nukta ya kwanza, mara kumi hivi ya ule wa kawaida.

Chora nami kwenye karatasi. Chanya ya betri inaingia kwenye fyuzi, inatoka hadi mguu wa COM wa rilei, yaani mguu wa pamoja. Swichi ya kengele inaunganisha COM na NO (mguu unaogusana na COM rilei ikivuta tu), yaani ukibonyeza unairuka kontakti. Kutoka NO unaanza waya ambao tutauita waya wa juu, na kila kitu kingine kinalishwa kutoka hapo. Kwenye waya wa juu funga taa, mguu wake wa pili uende hasi ya betri. Kwenye waya wa juu huohuo funga koili ya rilei. Mguu wa pili wa koili uende kathodi ya TL431, na anodi ya TL431 iende hasi. Dayodi inalala sambamba na koili, mstari wake mweupe ukitazama waya wa juu. Mwisho, kutoka waya wa juu weka kilo-ohmu 27, ifuatiwe na ile ya kurekebisha, ifuatiwe na kilo-ohmu 10 hadi hasi. Pale kilo-ohmu 10 inapokutana na ya kurekebisha ndipo mguu wa rejea unapofungwa.

Kama rilei yako haina maandishi ya kusomeka, mita itakuambia. Miguu miwili inayosoma ohmu mia kadhaa ni koili. Miwili inayolia mlio bila rilei kupewa umeme ni COM na NC (mguu unaogusana na COM rilei ikiwa haijavuta). Uliobaki ni NO, nao unajulikana zaidi ukiipa koili volti 12 na kusikiliza: COM unaachana na NC, na sasa mita inalia mlio kati ya COM na NO.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ukibonyeza swichi, waya wa juu unapata volti za betri. Betri ikiwa na chaji ya kutosha, volti 11 hivi na zaidi, mguu wa rejea unapata zaidi ya 2.5, TL431 inafunguka, koili inavuta, kontakti zinagusana. Unaachia swichi, rilei inajishikilia yenyewe kupitia kontakti zake. Taa inawaka, betri inashuka taratibu. Volti zikigusa 10, rejea inashuka chini ya 2.5, TL431 inafunga, koili inaachia, na unasikia "ta!". Kuanzia hapo hakuna kinachovuta hata chembe ya mkondo: taa, koili, rezista, vyote viko nyuma ya kontakti iliyoachana.

Mafundi wa elektroniki wataniuliza kwa nini si mosfeti (transista ya kuwasha na kuzima), maana inakaa kimya na haili mkondo wa koili. Swali zuri, ila angalia betri inavyofanya mzigo ukiondolewa: volti zinapanda tena. Pakiti iliyokatwa kwenye 10 inaweza kurudi hadi 11 na zaidi ndani ya dakika chache. Mosfeti isiyo na kumbukumbu ya kwamba imeshakata itawasha tena, itazima, itawasha, na itaendelea kuchezacheza hivyo mpaka betri imekauka. Unaweza kuizuia kwa kuongeza vipuli, lakini hapo urahisi umeondoka. Rilei inayolishwa na kontakti zake ikishaachia haiwezi kurudi mpaka kidole chako kibonyeze. Mkondo wa koili ni kama miliampea 25, na hata huo unasaidia kumaliza chaji.

Kwa taa, nakushauri ya indiketa ya bodaboda, volti 12 wati 10. Inavuta ampea 0.83 hivi, na pakiti ya 1.3Ah (inayoweza kutoa ampea 1.3 kwa saa moja) yenye afya itaiwasha karibu saa moja na nusu. Taa ya breki ya gari ya wati 21 inavuta ampea 1.75, nayo inafaa, ila pakiti itapata joto zaidi. Taa kubwa ya mbele ya wati 55 achana nayo. Na iwe taa ya waya wa ndani, si ya LED: hizo zinavuta kidogo sana, nyingine zina saketi ya kubadilisha mkondo kadiri volti zinavyoshuka, hesabu zote zinavurugika. Uzuri mwingine wa taa ya waya ni kwamba mkondo wake haubadiliki sana volti zinaposhuka, kwa sababu waya ukipoa kidogo ukinzani wake nao unapungua. Rezista haina tabia hiyo. Kama unalazimika kutumia rezista, kumbuka wati ni volti mara volti gawanya kwa ohmu. Ile nyeupe ya saruji ya ohmu 10 wati 10 ukiifunga kwenye volti 12 inabeba wati 14.4, itanuka na kupasuka. Chukua yenye wati mara mbili ya hesabu yako, iweke mbali na meza ya mbao.

Kuiseti hakuhitaji pawasaplai ya maabara. Zungusha ile rezista ya kurekebisha mpaka mwisho ambapo ukinzani wake ni sifuri. Hapo saketi itakata kwenye volti 9.2 hivi. Weka betri yenye chaji, gusisha ncha za mita kwenye vichwa vya betri yenyewe, wala si mwisho wa waya mrefu, kisha bonyeza. Taa ikishawaka subiri. Muda mrefu itakaa kwenye 12, ikifika 11 kushuka kunaongeza kasi, kwa hiyo usiende kunywa chai. Mita ikisoma 10.0 kamili, zungusha bisibisi polepole kuongeza ukinzani mpaka rilei iachie. Umemaliza. Tia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isiguswe tena. Kama rilei haikuvuta kabisa mwanzoni, betri yako tayari iko chini: TL431 hula karibu volti 2, na rilei ya 12 huhitaji kama 9 ili ivute, ingawa ikishavuta hujishikilia kwa kidogo sana.

Kwa pakiti za volti 14.4, zenye seli kumi na mbili, badili kilo-ohmu 27 iwe 36, ukate kwenye volti 12. Kwa volti 18, seli kumi na tano, weka kilo-ohmu 47 na rezista ya kurekebisha ya kilo-ohmu 10, kata kwenye 15, na ongeza rezista ya ohmu 220 ya wati moja mfululizo na koili isiungue. Taa hapo zifungwe mbili mfululizo, au tumia moja ya lori ya volti 24.

Sasa nikueleze udhaifu wa saketi hii, kwa sababu upo. Inaona jumla ya volti tu, haioni seli mojamoja. Seli tisa zikiwa na 1.15 na ya kumi imeshapinduka hadi hasi 0.35, jumla bado ni 10.0, na TL431 itaridhika kabisa. Kadiri seli zinavyokuwa nyingi, ndivyo seli moja mbovu inavyojificha vizuri. Ndiyo maana kwa pakiti ya seli kumi na tano ya zamani mimi naikata kwenye 16 au 16.5 badala ya 15, hasa mara ya kwanza ambapo sijui hali yake. Na kwa betri zako, kabla ya kuanza lolote, fungua boksi, weka betri kwenye chaja mpaka ianze kupata joto la kusikika mkononi, itoe, iache ipoe, upime kila seli. Nzima itasoma 1.3 hadi 1.4. Inayosoma sifuri imejifunga ndani (imepiga shoti), fuwele zimetoboa kitenganishi, na hakuna kumaliza chaji kutakakoifufua. Wapo wanaoipiga na betri ya gari kwa sekunde moja ili kuunguza hiyo fuwele. Huamka kweli, hukaa siku chache, kisha hulala tena, na siku nyingine hupasuka mkononi mwa anayepiga.

Ukiwa na subira, seli za Ni-Cd zinaweza kuteremshwa moja moja mpaka sifuri bila madhara, kwa kuwa seli ikiwa peke yake hakuna wa kuipindua. Baada ya rilei kukata pakiti, funga rezista ya ohmu 1 wati 5 sambamba na kila seli, iache kwa saa kadhaa mpaka zote zimekauka. Zikianza kuchajiwa zitaanzia mstari mmoja. Hii ni kwa Ni-Cd tu. Ni-MH (nikeli-haidraidi ya metali) usiishushe chini ya volti 0.9 au 1.0 hata ikiwa peke yake.

Baada ya kumaliza chaji, iache pakiti ipoe, kisha ichaji polepole: mkondo wa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake kwa saa 14 hadi 16. Kwa 1.3Ah ni miliampea 130. Chaja ya kasi haifai kwa mzunguko huu, kwa sababu kazi hapa ni kuzipa seli zilizobaki nyuma nafasi ya kujaa huku zilizotangulia zikivumilia mkondo mdogo unaozidi. Rudia mara tatu, na kila mara andika taa imewaka dakika ngapi.

Kwa hesabu ya dakika kuna ujanja wa zamani ninaoupenda kuliko mita yoyote ya dijitali. Chukua saa ya ukutani ya betri moja, ile ya bei ya chini kabisa, uitoe betri yake. Kutoka waya wa juu weka rezista ya kilo-ohmu 2.2, ifuatiwe na dayodi mbili 1N4148 mfululizo zikielekea hasi. Juu ya dayodi hizo mbili zinapatikana volti 1.3 hivi wakati wote taa inapowaka. Ndizo saa itakazotumia, na kapasita ya mikrofaradi 470 sambamba nayo ili mshale usonge bila kusita. Weka mishale kwenye saa sita kamili, bonyeza swichi, nenda kazini. Rilei ikiachia, na saa inasimama. Ukirudi jioni ukikuta saa saba na dakika ishirini, betri imefanya kazi dakika themanini. Zidisha kwa mkondo wa taa: 0.85, ukijumlisha koili, mara saa 1.33, ni 1.1Ah. Kwa pakiti iliyoandikwa 1.3Ah, hiyo bado ni betri. Ukipata dakika arobaini mara ya kwanza, hamsini na tano ya pili, sabini ya tatu, endelea, inarudi. Ukipata dakika ishirini na tano mara zote tatu, usiipotezee umeme.

Kwa pakiti mbili zilizochoka, mara nyingi unaweza kuvuna moja nzuri kwa kuchagua seli zilizokaribiana kwa dakika. Seli za drili ni za saizi ya sub-C, zimeunganishwa kwa bati jembamba lililopigwa spoti (kuchomelewa kwa vinukta). Usichomee risasi moja kwa moja kwenye kichwa cha seli, joto linaua kitenganishi. Kata bati katikati, uchomee bati kwa bati. Zilizokufa usizichome moto wala kuzitupa shambani. Kadimi ni sumu inayopita kwenye maji na udongo hadi kwenye chakula: huko Toyama, Japani, kadimi ya migodini iliingia mto Jinzu na mashamba ya mpunga, watu wakala mchele huo mpaka mifupa yao ikawa inavunjika. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa Ni-Cd za drili mwishoni mwa 2016, na hiyo ni sababu moja ya zana hizi kutufikia zaidi kwa njia ya mtumba. Zikusanye kwenye kopo la plastiki, uwape wanaonunua vyuma chakavu wanaopeleka betri kwenye urejelezaji, ukiwaeleza ni nini.

Tuje kwenye betri za laptopu. Hizo ni litiamu-ioni na hazina kumbukumbu ya aina yoyote, kwa hiyo kuzimaliza chaji "kuzitibu" ni kuzizeesha tu. Sababu halali ni mbili: kupima uwezo wake, au kuzishusha kabla ya kuziweka kabatini muda mrefu. Seli ya litiamu iliyojaa ni volti 4.2, ya kufanyia kazi 3.6 au 3.7, na chini ya 3.0 haitakiwi kwenda. Ikishuka hadi karibu 2 na kukaa huko, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka na kuganda upya mahali pasipo pake. Siku ukiichaji inaweza kujifunga ndani na kuwaka. Seli uliyoikuta kwenye volti moja na kitu, usiifufue hata kama mtu wa YouTube amefanikiwa.

Saketi yako itaifaa pakiti ya seli tatu mfululizo bila kubadili kitu ila kile cha kuzungusha: ikatie kwenye volti 9.6, yaani 3.2 kwa seli. Nimepandisha kidogo juu ya 3.0 kwa sababu ileile ya seli mbovu kujificha kwenye jumla. Na wakati inashuka, pima kila kundi (seli zilizofungwa sambamba) kwa mita. Moja likifika 3.0 wakati mengine yako 3.4, zima hapohapo bila kusubiri rilei. Kama pakiti bado ina bodi yake ndogo ya ulinzi, usiing'oe. Bodi hiyo inaona kila kundi peke yake, jambo ambalo TL431 yetu haiwezi, na ikikata kabla ya rilei imekuokoa.

Fanyia kazi hiyo juu ya sakafu ya saruji au bamba la bati, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na usiondoke nyumbani. Saa ya ukutani na uhuru wa kwenda kazini ni vya Ni-Cd. Usizitumbukize kwenye maji ya chumvi kama wengi wanavyofanya ili "zife": chumvi inakula vichwa vya seli kwanza, mkondo unakatika njiani, na unabaki na seli yenye kutu nje na chaji ndani. Za kuhifadhi zishushe hadi volti 3.7 au 3.8 kwa seli tu, karibu nusu ya chaji, uzitenganishe vichwa kwa utepe wa plastiki, na uziweke mahali pa baridi. Kwa pakiti ya seli tatu hiyo ni kati ya 11.1 na 11.4, na kwa kuwa rezista ya kurekebisha ya kilo-ohmu 5 inaishia kwenye 10.5, badili ile ya 27 iwe 33 kwa kazi hiyo.